Uzee wako utakula kiasi gani kwa mwaka? Mwongozo wa daftari la matumizi, kutoka Lamu

Nilikaa stoo ya serikali miaka 32. Msumari haukupita mlangoni bila kuandikwa umeingia lini, umetoka lini na aliyeuchukua ni nani. Jioni nikirudi nyumbani Langoni nilikuwa natoa noti mfukoni, naziweka mezani, na baada ya siku mbili hazipo. Hakuna aliyetia sahihi.

Nikafika miaka 60, nikastaafu, nikapewa kiinua mgongo. Kwa miezi michache nilikuwa tajiri wa mtaa. Mwezi wa kumi na tisa nilikuwa nimesimama dukani naomba kilo ya sukari ya kuandikwa. Kamari sikucheza, mke wa pili sikuoa. Nilitengeneza paa, nikaozesha, na nikanunua fungu katika boti ya abiria ambayo nahodha wake alikuwa mwepesi wa maneno kuliko mashine yake. Hayo matatu nayakumbuka. Lakini nikiyajumlisha hayafiki thuluthi mbili ya nilichopewa. Thuluthi iliyobaki mpaka leo sijui ilikokwenda.

"Mali bila daftari hupotea bila habari": methali hiyo tunaijua sote, wengine wameivaa kwenye leso. Daftari lenyewe ndilo hatuna.

Ninayoandika hapa yanamfaa mtu wa miaka arobaini na kitu aliye bado kazini, na yanamfaa mchelewaji kama mimi. Wote wawili wanatafuta jibu moja: maisha yako, kama unavyoyaishi hasa, yanagharimu shilingi ngapi kwa mwaka mzima? Mshahara haukupi jibu hilo. Mshahara unakwambia kilichoingia tu.

1. Nunua daftari dogo, anza leo

Usingoje tarehe mosi, wala usingoje Ramadhani iishe. Chukua daftari linaloingia mfuko wa shati na kalamu ya wino. Wenye simu kubwa wana programu zao na wanangu wamenionyesha mbili tatu. Mimi nimebaki na karatasi kwa sababu sokoni mbele ya Ngome, mkono mmoja una samaki na mwingine una nazi, simu sitaki kuitoa.

Kila mstari una vitu vitatu: kitu, bei, na herufi moja. T ni taslimu, S ni simu, D ni deni. Siku yangu moja ya Jumanne ilikuwa hivi:

mahamri na mbaazi, T, 100
samaki changu wawili, T, 450
nazi mbili, T, 80
kahawa barazani, T, 20
tokeni za umeme, S, 500
hamali, mtungi wa gesi kutoka gatini, T, 150
mjukuu, T, 50
mchango wa msiba, S, 300

Jumla 1,650. Kabla ya hapo ungeniuliza Jumanne nimetumia ngapi ningekujibu mia sita, na ningekula yamini.

Andika palepale. Ukisema utaandika ukifika nyumbani, utaandika samaki na tokeni, yaani vile ambavyo hata bila daftari ungevikumbuka.

2. Usiku, hesabu mfuko

Asubuhi ulikuwa na taslimu kiasi gani? Umeandika matumizi ya kiasi gani? Kilichobaki mfukoni kinalingana? Kisipolingana, usibabaike na usibuni. Andika mstari mmoja: "sikumbuki", na kiasi kilichopotea.

Mwezi wangu wa kwanza "sikumbuki" ilikuwa 6,200. Ilikuwa ya pili kwa ukubwa baada ya chakula. Nilikuwa na mtu nyumbani mwangu anakula shilingi 6,200 kwa mwezi na simjui jina. Mwezi wa nne alikuwa ameshuka hadi 900 na hapo nikamwacha, kwa sababu mtu mzima anayeandika hata shilingi kumi za pipi ya mtoto anakuwa kero kwake mwenyewe na kwa mkewe.

3. Simu isomwe mara moja kwa mwezi

Mwisho wa mwezi omba taarifa yako ya M-Pesa, kaa nayo na kalamu. Humo mna mambo mawili ya kuangalia.

La kwanza: pesa ulizotoa kwa wakala si matumizi. Zimetoka mfuko mmoja kuingia mwingine. Ukiziandika kama matumizi, kisha ukaandika na samaki uliyemnunua kwa pesa hizohizo, umemnunua samaki mara mbili. Ada ya wakala ndiyo matumizi, na hiyo iandike.

La pili ni hiyo ada. Mimi hutozwa shilingi 29 nikitoa 500, na hutozwa 29 hiyohiyo nikitoa 2,000. Nilikuwa natoa mia tano mara nne kwa wiki, nikijiambia kuwa nikiwa na pesa kidogo mfukoni nitatumia kidogo. Mara nne ni 116. Mara moja ni 29. Tofauti ni 87 kwa wiki, na kwa wiki 52 ni 4,524. Hizo ni pesa ambazo sikuzila, sikuzivaa, sikumpa mtu.

Michango pia imo humo. Siku hizi kila msiba na kila harusi ina kundi lake la simu, na jina lako likiwekwa kundini unaonekana umesoma ujumbe. Hilo nitalirudia.

4. Deni la duka liandike siku ulipochukua

Wengi huandika siku wanapolipa. Basi mwezi wa kukopa unaonekana mzuri na mwezi wa kulipa unaonekana wa balaa, na huelewi kwa nini. Umechukua mchele leo, umeula leo, ni matumizi ya leo. Weka D. Siku ya kulipa, ikate ile D kwa mstari, usiandike upya.

Kisha mwisho wa mwezi nenda na daftari lako ulilinganishe na la mwenye duka. Si kumshuku, ni desturi ya stoo, vitabu viwili husomana. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo tulitofautiana kilo mbili za unga na mafuta ya nusu lita. Mwenye duka alikuwa sawa. Mwanangu ndiye aliyechukua, akasema "andika kwa baba".

5. Vikapu vitano, basi

Kila mwisho wa wiki gawanya mistari katika vikapu: chakula, nyumba (umeme, maji, gesi, matengenezo), mwili (dawa, mchango wa SHA, yaani bima ya afya ya serikali, nauli za hospitali), watu (karo, michango, sadaka, zawadi), na mimi mwenyewe (kahawa, muda wa maongezi, tambuu kwa anayetafuna).

Nimeona watu wanaandika vikapu ishirini. Wanaacha kabla mwezi haujaisha. Na kikapu cha "mengineyo" usikiweke kabisa. Kitu kikikataa kuingia kwenye vitano hivyo, kilazimishe.

Mkeo au mumeo awe na daftari lake. Kwangu mke ana mchezo na wenzake wanane, kila mmoja anatoa kila mwezi na mmoja anapokea. Tulibishana kama pesa ya mchezo ni matumizi. Nikakubali kwamba si matumizi, ni akiba, ila siku akipokea na kununua vyombo, vile vyombo ndivyo vinavyoandikwa.

6. Usiamini mwezi mmoja, pima mwaka

Hapa ndipo miongozo mingi ya mjini inapotupoteza. Inakwambia andika miezi mitatu, zidisha kwa nne. Kwetu, miezi mitatu ya kaskazi ukiizidisha kwa nne unapata mwaka ambao haujawahi kuwapo Lamu.

Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, bahari imetulia, vyombo vinatoka, samaki ni wengi na bei inasemeka. Kusi ikiingia kuanzia Aprili, mashua ndogo hazithubutu nje ya mwamba, na samaki yuleyule unamwangalia tu. Mvua za masika nazo zinakuja kukuonyesha paa linavuja wapi. Januari kuna karo. Mfungo Sita kuna Maulidi, na nyumba yenye jamaa Pate, Siyu au Mombasa hailali na watu wake tu. Ramadhani ina sukari yake, tende, mafuta, nyama, futari ya jirani, na mwisho wake nguo za Idd.

Hesabu yangu ya mwaka wa kwanza kamili ilikuwa hivi. Miezi minane ya kawaida, 31,000 kila mmoja: 248,000. Ramadhani pamoja na Idd, 54,000. Mwezi wa Maulidi, 40,000. Januari ya karo za wajukuu, 47,000. Julai moja mbaya ya kusi na paa, 35,000. Jumla 424,000. Ukiigawa kwa 12 unapata 35,000 na ushei kila mwezi. Mimi kabla ya hapo ningekwambia naishi kwa 31,000, na nisingekuwa nimedanganya kwa miezi minane.

Jambo moja la kalenda. Pensheni inalipwa kwa mwezi wa Kizungu, Ramadhani inakuja kwa mwezi mwandamo, na mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11. Kwa hiyo Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka. Mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani mbili: moja mwanzoni mwa Januari, nyingine itaingia siku za mwisho za Desemba. Ya Januari itakutana na karo uso kwa uso. Anayejua mapema ataanza kuweka 2029.

7. Andika pia kile unachofanya kwa mwili wako

Hatua hii sijaiona mahali pengine, nami nimeijua kwa goti.

Mji wetu wa kale hauna barabara ya gari. Kitu kikifika gatini hakijafika nyumbani. Mfuko wa saruji una bei ya Mokowe, gati ya ng'ambo bara, una bei ya boti, halafu una bei ya punda au ya mkokoteni wa hamali mpaka kwenye kichochoro chako. Nikiwa na miaka 45 nilikuwa nauweka mtungi wa gesi begani, napanda nao mpaka Langoni, nimeokoa pesa, naona fahari. Tangi la maji la darini nililisafisha mwenyewe. Ukuta ukibanduka chokaa nilikoroga mwenyewe. Kwa jamaa Shela nilikwenda kwa miguu, ufuo ufuo, na kurudi.

Leo mtungi unabebwa na hamali. Darini anapanda fundi. Shela naenda kwa boti. Hakuna hata kimoja katika hivyo kilichokuwa kwenye hesabu yangu ya kustaafu, kwa sababu nilipokuwa na nguvu vilikuwa bure.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukurasa wa nyuma wa kila mwezi, andika kazi ulizojifanyia mwenyewe ambazo mtu mwingine angetaka kulipwa: kubeba, kupanda, kupaka rangi, kutembea mbali, kufua mablanketi, kukuna nazi kama hapo kwenu ni kazi yako. Mbele ya kila moja weka bei ambayo kijana wa mtaani angekutoza. Usiijumlishe na matumizi ya mwezi huu, maana hukuilipa. Iweke kando. Hiyo ndiyo bili inayokungoja.

Yangu ya zamani, nikiikadiria sasa kwa kumbukumbu, inafika 3,000 kwa mwezi bila matatizo. Mwanamke wa nyumbani akiandika yake atashtuka, na mumewe atashtuka zaidi.

8. Sasa fanya hesabu ya uzee

Chukua jumla ya mwaka. Toa yatakayoondoka: karo ikiwa watoto watakuwa wamemaliza, nauli ya kila siku ya kwenda kazini Mokowe, kodi ya nyumba ikiwa utakuwa kwako. Ongeza yatakayokuja: ile bili ya hatua ya 7, dawa, na safari ya hospitali bara. Safari hiyo iandike kamili. Kumpeleka mgonjwa Malindi au Mombasa ni boti, basi, chakula, mahali pa kulala, na mtu wa kumsindikiza ambaye naye anakula na kulala. Mchango wa SHA kwa asiye na mshahara hulipwa wa mwaka mzima kwa pamoja, kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600, basi uuweke kwenye hesabu ya mwaka usije ukakukuta huna.

Kisha pandisha bei. Benki Kuu ya Kenya inalenga mfumuko wa bei wa asilimia 5, juu au chini kwa 2.5. Kuna kanuni ya kukadiria bei zitakuwa maradufu lini, gawanya 72 kwa asilimia ya mfumuko. Kwa asilimia 5, gawanya 72 kwa 5: bei zinakuwa maradufu kwa miaka 14 na kidogo. Mtu wa miaka 45 anayetumia 40,000 kwa mwezi leo, akifika 60 maisha yaleyale yatamtaka kama 83,000. Samaki ni yuleyule.

Sasa tazama kitakachoingia. Kwa sisi wa utaratibu wa zamani wa serikali, pensheni ya mwaka ni miezi ya utumishi mara mshahara wa mwisho wa mwaka, gawanya kwa 480. Nilitumikia miezi 384, mshahara wa mwisho 45,000 kwa mwezi, yaani 540,000 kwa mwaka. Inatoka 432,000. Ukiamua kuchukua robo kwa mkupuo, robo hiyo, 108,000, inazidishwa mara 20: 2,160,000. Ndicho kiinua mgongo. Robo tatu zinabaki 324,000 kwa mwaka, 27,000 kwa mwezi. Walioingizwa kwenye mfuko mpya ulioanza Januari 2021 wana hesabu nyingine: wanakatwa asilimia 7.5 na serikali inaweka 15, na wao watazame taarifa ya akaunti yao kila mwaka wasingoje miaka 60.

Weka namba zangu mbili pamoja. Natumia 424,000, naingiza 324,000. Pengo ni 100,000 kwa mwaka. Lile pengo ndilo kiinua mgongo kilikuwa cha kuliziba, wala si boti. Nilipiga hesabu usiku mmoja, mke amelala: bei zikipanda asilimia 5 kila mwaka na pensheni ikisimama ilipo, shilingi 2,160,000 bila kuzalisha hata senti zingeniziba pengo miaka kumi. Nilizimaliza kwa miezi 19.

Kuna kipimo cha Wamarekani utakikuta kila mahali, kwamba akiba yako iwe mara 25 ya mahitaji ya mwaka. Asili yake ni mshauri wa fedha William Bengen, ambaye mwaka 1994 alipitia historia ya hisa na hati za serikali za Marekani akaona kwamba mtu akitoa asilimia 4 mwaka wa kwanza, kisha akapandisha kiasi hicho kwa kadiri ya bei, akiba ingedumu miaka 30. Ni masoko ya kwao na mfumuko wa bei wa kwao, kwa hiyo mimi sikichukui kama ahadi. Nakichukua kama dira, na nazidisha pengo, sizidishi matumizi yote. Pengo la 100,000 mara 25 ni 2,500,000. Ukizidisha 424,000 utapata namba ya kukukatisha tamaa bure, ilhali pensheni imekwishabeba sehemu kubwa.

Pa kuweka akiba kila mtu na dhamiri yake. Wengi wetu hapa riba hatuigusi, na tangu 2008 nchi ina benki zinazofuata sharia kikamilifu, na nyingine zimefungua madirisha yao. Daftari linasaidia jambo jingine hapo: zaka. Akiba iliyofika nisabu, kiwango cha chini cha kutoa zaka, na kupitiwa na mwaka wa mwezi mwandamo inatoka asilimia 2.5, na mwenye daftari haulizi mwaka wake ulianza lini.

9. Punguza kisichokumbukwa

Kila mshauri anaanza na kahawa. Kahawa yangu ni shilingi 20 kwa siku, 7,300 kwa mwaka. Kwa pesa hiyo napata baraza, habari za aliyefariki, habari za boti iliyoleta mchele wa bei nafuu, na sababu ya kuvaa kofia asubuhi. Siikati. Nimestaafu ili niinywe.

Nilianza na "sikumbuki" na ada za wakala. Nikaja kwenye kununua kidogokidogo: robo ya mafuta, nusu kilo ya mchele, sabuni ya kipande. Kidogokidogo ni ghali kila mara. Majirani watatu sasa tunanunua gunia moja la mchele kwa jumla na kumlipa hamali mmoja, tunagawana uani kwangu kwa mizani ya kuazima.

Kigumu ni kikapu cha watu. Mwaka ule wa kwanza kilikula 71,000, karo za wajukuu zikiwemo, na 38,000 kati ya hizo zilikuwa harusi na misiba. Huwezi kumwambia mtu wa Amu, yaani Lamu, asichange. Naye alikuchangia, au babake alimchangia babako. Nilichofanya ni kuweka kiasi cha mwezi, 2,000, tarehe mosi, kando. Kikiisha, nakwenda kwa miguu na mikono: nabeba viti, nahesabu masufuria yaliyoazimwa (kazi ya stoo haijanitoka), nakaa na wafiwa hadi usiku. Miezi ya mwanzo nilisikia maneno. Siku hizi wenye harusi wananiita mapema nihesabu masufuria.

Kwa asiye na pensheni

Baharia, muuza viazi karai, fundi, mwenye punda: kwako kuna safu moja zaidi, ya kilichoingia, kila siku, hata siku ya sifuri. Mgawo wa chombo ukigawanywa gatini, andika kabla hujafika dukani. Baada ya mwaka utajua kaskazi inakupa ngapi na kusi inakunyima ngapi, na ile tofauti ndiyo ya kuwekwa Januari, si kutafutwa Juni. NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ina mpango wa Haba Haba kwa wasio na mwajiri, huanzia shilingi 25 kwa siku. Ukiweka kila siku ni 9,125 kwa mwaka. Malipo ya wazee ya mpango wa serikali wa Inua Jamii ni 2,000 kwa mwezi na yanaanzia miaka 70. Ziandike kama nyongeza zikija. Usizijengee nyumba.

Ukurasa wa mwisho wa daftari

Uache kwa ajili ya madeni: unayodaiwa upande wa kulia, unayodai kushoto, na jina, kiasi, tarehe. Deni hulipwa kabla mirathi haijagawanywa, na watoto wako hawatajua kama aliyekuja matangani akasema "marehemu alikuwa na pesa yangu" anasema kweli. Unaposahihisha, kata kwa mstari mmoja ili kilichokuwepo kisomeke, usifute. Weka tarehe pembeni.

Na mwonyeshe mtu daftari linapokaa. Langu liko kwenye kidaka, kishubaka cha ukutani, cha pili kushoto ukiingia ndani, chini ya miwani. Mke wangu anajua, na yule mwanangu wa "andika kwa baba" naye anajua.